Nimeipiga mbizi 737 kwenye simuleta ikatoka nzima. Wajuvi, ya kweli ingebaki na mabawa?

Mnazi_Mkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi si rubani. Ni mtu wa mitandao ya kompyuta, maisha yangu ni nyaya na manung'uniko ya watu ambao intaneti yao imekata. Ila tangu mwaka juzi nimenaswa na hizi simuleta za ndege za nyumbani, yaani programu za kuigiza kurusha ndege. Nilianza na joistiki ya mtumba ya Kariakoo, leo nina kiti, pedali za miguu, skrini 3 na mke aliyenuna.

Jana usiku nilikuwa na Boeing 737-800 futi 41,000. Nikaamua kufanya ujinga. Nimezima otopailoti, nikailaza ubavu mpaka ikapinduka, pua ikaangalia chini, injini nimeziacha na nguvu zake zote. Kengele ya mwendo ikaanza ile ta-ta-ta-ta ya kero. Kikomo cha ndege hii ni Mach 0.82 (Mach 1 ni kasi ya sauti). Mimi nilifika 0.97. Nilipofika futi 12,000 nikavuta usukani mpaka tumboni. Ikainuka! Kipimo cha G, yaani mzigo ni mara ngapi ya uzito wa kawaida, kilisoma 5 na ushee. Nikanyoosha, nikaenda kutua zangu KIA, uwanja wa Kilimanjaro, abiria 160 wa kufikirika wakashuka na mabegi yao.

Sasa naomba kujua. Ndege ya kweli ingetoka pale? Na kama programu inanidanganya, je, hizi simuleta kubwa wanazofundishiwa marubani, zenyewe zinasema kweli kiasi gani ukishavuka mstari?

Nawasilisha.

kipara_ngoto

Nimekaa paleee na kashata yangu. Ngoja waje.

Dogo_Mbagala

Chai hii. Ndege ikipinduka tu imekwisha, fizikia haitaki ujuaji.

FundiBawa

@Dogo_Mbagala taratibu mkuu. Kupinduka peke yake hakuui ndege. Mwaka 1955, tarehe 7 Agosti, rubani wa majaribio wa Boeing, Tex Johnston, aliibiringisha ile ndege ya mfano iliyokuja kuzaa 707 juu ya Ziwa Washington kule Seattle, watu wamejaa chini wanatazama mashindano ya boti. Ukiizungusha kwa ustadi, muda wote ndege inabeba G 1 hivi, kama vile imekaa tu. Bawa halijui juu ni wapi, linajua mzigo tu.

Turudi kwa mwanzisha uzi. Mimi ni fundi wa ndege, naziona zikiwa zimefunguliwa matumbo, kwa hiyo naongea upande wa chuma.

Ndege za abiria zinatengenezwa kubeba mpaka G 2.5 zikiwa hazijakunja umbo. Hicho ndicho kikomo. Juu yake kuna akiba: muundo lazima uhimili mara 1.5 ya mzigo huo bila kuvunjika, hata kama utapinda. Boeing walipolivunja bawa la 777 makusudi kwenye karakana mwaka 1995, wakilivuta juu kwa mashine, lilikatika kwenye asilimia 154. Yaani wahandisi walipiga hesabu mpaka ikakaa kwenye mstari.

Ukizidisha 2.5 kwa 1.5 unapata 3.75. Wewe umevuta 5. Kwa karatasi umekufa.

Lakini karatasi siyo yote. Tarehe 19 Februari 1985, 747SP ya China Airlines, safari namba 006, ilikuwa futi 41,000 juu ya Pasifiki ikielekea Marekani. Injini moja ikapoteza nguvu, wakachelewa kuidhibiti ndege, ikalala, ikapinduka, ikaporomoka mpaka futi 9,500 ndipo wakaishika. Ilibeba G 5 hivi. Vipande vya mkia vilinyofoka, milango ya magurudumu iling'oka, na mabawa yalibaki yamepinda juu kama sentimita 5 moja kwa moja. Ikatua San Francisco. Hakuna aliyekufa, wawili tu ndio waliumia vibaya.

Kwa hiyo simuleta ikikuua papo hapo kwenye G 2.6 inakudanganya, na ikikutoa kwenye 5 bila hata mchubuko nayo inakudanganya. Ulipotua KIA, ulikuta mkia upo wote?

Mnazi_Mkavu

FundiBawa alisema:
> Ulipotua KIA, ulikuta mkia upo wote?

Wote mkuu. Hata rangi haijabanduka.

FundiBawa

Basi hiyo siyo ndege, ni katuni. Hapo hatujagusa kasi bado. G ni kitu kimoja, mwendo ni kingine. Ukipita kasi iliyopangwa, bawa au mkia unaweza kuanza kutetemeka kwa mapigo yake wenyewe, upepo unauongezea nguvu kila pigo, kama bendera kwenye upepo mkali. Sekunde chache tu kinang'oka. Hapo hakuna cha kusema "nilivuta polepole".

Bi_Mnyanyuo

Naomba niingie. Nimesoma uhandisi wa anga na kazi yangu ya sasa ni kuandika modeli za ndege kwa ajili ya simuleta, siyo zile kubwa za mashirika, hizi za mezani. Kwa hiyo uongo anaousema FundiBawa, kidogo ni wa kwangu.

Watu wengi hudhani ndani ya simuleta kuna upepo. Hakuna. Kuna majedwali. Unaiuliza kompyuta: ndege ina mwendo huu, kimo hiki, bawa linakutana na upepo kwa pembe hii, usukani uko hapa, je, nguvu ni kiasi gani? Inatazama jedwali, inasoma namba, inasogeza ndege kidogo, inauliza tena. Mara nyingi kwa sekunde.

Namba za kwenye jedwali zinatoka wapi? Za ndani ya mipaka zimepimwa angani. Ndege halisi imejazwa vihisi, rubani wa majaribio karuka nayo, kila kitu kimerekodiwa. Hapo simuleta nzuri ni nzuri kweli, kutofautisha na ndege ni kazi. Ukitoka hapo kidogo kuna namba za handaki la upepo, ndege ndogo ya mfano imefungwa kwenye fimbo ikapulizwa. Ukitoka tena, hakuna kitu. Mtu kama mimi anachukua rula, anaurefusha mstari kuelekea aliposhindwa kufika.

Na kompyuta haitofautishi hizo namba tatu. Zote inazisoma kwa kujiamini kuleule. Skrini yako ya Mach 0.97 ilikuwa laini na nzuri sawasawa na ya 0.78, sivyo? Hapo ndipo penye tatizo.

Kuna aina nyingine, X-Plane ni mfano wake, haitegemei sana majedwali ya ndege nzima. Inakatakata bawa, mkia na pangaboi kuwa vipande vidogo, inapiga hesabu ya kila kipande, inajumlisha. Ina uzuri wake: ukichora ndege ya ajabu ajabu inakupa jibu linaloeleweka. Lakini kila kipande kinahesabiwa kana kwamba jirani yake hayupo. Kwenye stoli, mambo yote ni ya majirani.

Kwa asiyejua, stoli ni pale bawa linapokutana na upepo kwa pembe kali mno, upepo ukabanduka mgongoni mwa bawa, mnyanyuo, yaani nguvu inayoibeba ndege, ukaporomoka. Haina uhusiano na injini kuzima. Upepo uliobanduka haukai kimya: unarusha vurugu nyuma, vurugu inaupiga mkia, bawa moja linabanduka kabla ya jingine, ndege inalala upande ambao hukuutarajia, na kesho ukirudia inalala upande mwingine. Kwenye modeli yangu ya Cessna 172 inalala kushoto kila siku. Nimeiandika hivyo. Niliweka namba ya kubahatisha kidogo, wateja wakalalamika kwamba ndege "ina kasoro".

Dogo_Mbagala

Aisee hapa nimeelewa kuliko fizikia ya kidato cha nne. Naomba radhi kwa ile chai.

mzalendo_halisi

Daladala zinatushinda, mnajadili Mach.

kipara_ngoto

@mzalendo_halisi wewe kaa hapa ule kashata, uache watu wasome.

NahodhaMstaafu

Vijana, hamjambo. Nimerusha ndege miaka 31, sasa nafuga kuku. Mjukuu ndiye aliyenionyesha uzi huu.

Nianze na swali la pili la mwanzisha uzi, la simuleta kubwa. Zile za daraja la juu kabisa, D, ni chumba kizima cha marubani kimekaa juu ya miguu 6 inayorefuka na kufupika. Gharama yake hairuhusu ilale, kwa hiyo inafanya kazi usiku na mchana, na wageni kama sisi tulipangiwa saa nane za usiku. Unaingia umetoka usingizini, unakunywa kahawa ya mashine, unavuka kidaraja, kidaraja kinainuka, mashine inaguna na kujinyanyua. Dakika 2 baadaye umesahau kwamba upo ghorofa ya kwanza ya jengo.

Inavyokudanganya ni kwa werevu. Ukiongeza nguvu za injini, chumba kinainama nyuma polepole, mgongo unakandamizwa kwenye kiti, ubongo unasema "tunaongeza mwendo". Halafu chumba kinarudi katikati kwa siri, taratibu mno usihisi, kijiandae kwa hila inayofuata.

Sasa hila hiyo ina mwisho. Wakati mmoja mkufunzi alitupa zoezi la ndege kupinduka. Skrini inaonyesha dunia iko juu, ubavu umepita digrii 120, mwenzangu anahema. Nikajitazama. Kalamu yangu ilikuwa mfukoni mwa shati, imetulia. Kahawa iko kwenye kikombe. Chumba chenyewe kilikuwa kimeinama kidogo tu kama kitanda kibovu. Kwenye ndege ya kweli, ukiisukuma pua vibaya ukiwa pale juu, kalamu, kahawa, vumbi la sakafuni, vyote viko darini, nawe unaning'inia kwenye mkanda huku unatafuta usukani. Na ukivuta G 3, mkono wako una uzito wa mara 3. Miguu 6 haiwezi kukupa hayo. Waholanzi wana mashine Soesterberg inaitwa Desdemona, inazunguka kwenye mkono mrefu na kukupa mpaka G 3, lakini hiyo ni ya utafiti zaidi, siyo ya kila rubani kila miezi 6.

Jingine ambalo sitalisahau ni skrini ya mkufunzi. Nyuma yetu alikuwa na picha kama ramani: kwenda juu ni pembe ya bawa, kwenda pembeni ni jinsi ndege inavyoteleza ubavu. Katikati pana eneo la kijani, data ya angani. Limezungukwa na la njano, handaki la upepo. Nje, jekundu. Nukta ndogo ndiyo ndege yetu, inaacha mstari nyuma kama konokono. Mwenzangu akakanyaga pedali kwa nguvu wakati ndege iko kwenye stoli, konokono akakimbilia kwenye wekundu. Mkufunzi akagandisha kila kitu. Akasema: "Hapa tunasimama. Kuanzia hapa mashine inabuni, na sitaki mjifunze ilichobuni."

Zamani skrini ile haikuwepo. Tulikuwa tunaendelea tu.

Mnazi_Mkavu

Shikamoo mzee. Yaani kuna watu walijifunza kitu cha uongo kwenye simuleta wakaenda nacho angani?

NahodhaMstaafu

Marahaba mwanangu. Ndiyo, na maiti zake zimehesabiwa.

Tarehe 12 Novemba 2001, miezi 2 baada ya yale mashambulizi ya Septemba 11. American Airlines 587, Airbus A300-600, inatoka JFK New York kwenda Santo Domingo. Mbele yake imeondoka 747 ya Japan Airlines. Ndege kubwa inaacha nyuma yake mikia miwili ya upepo unaozunguka, ukiingia humo unatikiswa, basi. Rubani msaidizi ndiye aliyekuwa anarusha. Alipotikiswa mara ya pili, akakanyaga pedali ya usukani wa mkia hadi mwisho kulia, kisha kushoto, kulia, kushoto. Sekunde 7 hivi. Lile pezi la wima la mkia likang'oka lote, zima, likaangukia majini. Ndege ikaanguka mtaa wa Belle Harbor, Queens. Watu 265 walifariki, 5 kati yao walikuwa chini.

Kila mtu alisema bomu. Hapana. Mzigo aliouweka juu ya lile pezi ulifika karibu mara 2 ya kikomo. @FundiBawa ametueleza akiba inaishia mara 1.5.

Kwa nini mtu mwenye akili zake akanyage hivyo? Wachunguzi wa Marekani, NTSB, ripoti yao ya 2004 ilinyooshea kidole, pamoja na unyeti mkubwa wa pedali za A300-600, mafunzo ya simuleta ya shirika lake. Kulikuwa na zoezi la kuingia kwenye upepo wa 747. Shida ni kwamba ndege kubwa ya kweli haipinduki kirahisi kwa upepo ule, na simuleta nayo ilikuwa haikubali kupinduka. Basi wakaipanga programu izime kwa muda kazi ya usukani, ndege ilale tu sana, ndipo rubani arudishiwe udhibiti. Wewe uliyeko kwenye kiti hujui kwamba umezimiwa. Unachoona ni kwamba umezungusha usukani haitoshi, umekanyaga pedali haitoshi, unakanyaga zaidi. Unatoka pale umejifunza mambo mawili: upepo wa ndege kubwa ni muuaji, na dawa yake ni nguvu. Yote mawili uongo.

Na jambo la mwisho, mwendo wao ulikuwa noti 250 hivi (noti ni maili ya baharini kwa saa), chini ya ile kasi ambayo sisi marubani tulikaririshwa kwamba chini yake unaweza kukanyaga utakavyo na ndege haivunjiki. Nami nilikuwa naamini hivyo hadi 2001. Maana yake ni kukanyaga mara moja, upande mmoja. Siyo kwenda na kurudi.

Dogo_Mbagala

Nimesoma nimesimama.

Bi_Mnyanyuo

Mzee asante sana. Naomba nikuongezee pale kwenye stoli maana kuna ajali mbili za mwaka mmoja zilizobadilisha hizi mashine.

Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air, Q400 ya mapangaboi, inaelekea Buffalo, Marekani. Mwendo umeshuka mno, usukani ukaanza kutikisika wenyewe mikononi mwa nahodha kumwonya kwamba stoli inakaribia. Akavuta. Alipaswa kusukuma. Watu 50 walifariki. Miezi isiyofika minne baadaye, Juni 1, Air France 447 kutoka Rio kwenda Paris. Vipimio vya mwendo viliziba kwa barafu juu ya Atlantiki, otopailoti ikajitoa, rubani akavuta pua juu, ndege ikastoli karibu futi 38,000 na ikashuka ikiwa kwenye stoli hadi baharini, zaidi ya futi 10,000 kwa dakika. Wote 228.

Mzee, ninyi mlifundishwaje kuhusu stoli enzi hizo?

NahodhaMstaafu

Tulifundishwa kukaribia stoli, siyo kuingia. Usukani ukitikisika, weka nguvu za injini, shikilia kimo, ukipoteza hata futi 100 mtahini anakunja uso. Na simuleta ilikubali, kwa sababu tulikuwa hatujatoka kwenye kijani. Yaani tulipewa alama kwa KUTOSHUSHA pua. Stoli yenyewe nzima sikuwahi kuionja kwenye ndege kubwa hata siku moja. Niliionja kwenye Cessna nikiwa mwanafunzi, kisha nikaionja tena kwenye simuleta iliyorekebishwa, nywele zimeshaota mvi. Ilinishangaza. Ndege iliyumba kama dau lisilo na mzigo, ukisukuma usukani inachukua muda kukusikia, na macho yote yanakuambia usisukume maana ardhi ndiyo hiyo.

Bi_Mnyanyuo

Ndicho nilichotaka useme.

Baada ya Buffalo, bunge la Marekani lilipitisha sheria 2010, na FAA, mamlaka ya anga ya kule, wakatoa kanuni: kuanzia 12 Machi 2019 marubani wa mashirika ya ndege wa kule lazima wafanye stoli kamili kwenye simuleta, na simuleta zenyewe ziongezewe data. Modeli lazima iwe na maana mpaka digrii 10 kupita pembe ya stoli. Kwa namba hizo huwezi kupata data zote angani, hakuna anayeweka ndege ya abiria kwenye hali hiyo siku nzima kwa ajili yetu. Kwa hiyo wanakubali modeli ya "aina hii ya ndege hufanya hivi": handaki la upepo, hesabu, halafu anaitwa rubani aliyewahi kustoli ndege hiyo kweli, anaketi, anasema ndiyo inafanana au hapana. Ulimi wa mpishi, basi.

NASA walijaribu njia nyingine, wakatengeneza ndege ndogo ya kuongozwa kwa mbali, asilimia 5.5 ya ukubwa wa ndege ya abiria, wakaitupa kwenye kila hali mbaya ambayo huwezi kumtupa mtu. Mimi naipenda kazi ile kuliko nyingine zote.

Sasa chukua hizo digrii 10 uziweke kwenye Air France 447. Ile ndege iliteremka pembe ya bawa ikiwa zaidi ya 35, kuna wakati imepita 40. Huko hata kanuni mpya haifiki. Huko hata kompyuta ya ndege yenyewe iliacha kuamini vipimo: mwendo uliosomeka ulipokuwa chini ya noti 60, ile sauti ya onyo la stoli ilinyamaza. Wakishusha pua kidogo, ambalo ndilo jambo sahihi, vipimo vinarudi, onyo linaanza kulia tena. Fikiria upo gizani, ukifanya sahihi unazomewa, ukikosea kimya.

Wanjiru_wa_Embakasi

Hamjambo wadau. Niongeze ya upande wa huku Nairobi, maana hiyo tarehe ya 12 Machi 2019 imenichoma.

Siku mbili kabla yake, Jumapili tarehe 10, nilikuwa JKIA kumpokea shangazi aliyekuwa anakuja na ndege nyingine kabisa. Kwenye ubao kulikuwa na ET302 ya Ethiopian Airlines kutoka Addis. Tuliona watu wakiangalia ubao, wakiangalia simu, wakiangalia ubao. Ilikuwa imeanguka na abiria na wahudumu 157, zaidi ya 30 ni Wakenya wenzangu.

Nilifuatilia ile kesi hadi nikaelewa vitu ambavyo sikutaka kuelewa. 737 MAX, kihisi kimoja cha pembe ya bawa kikaharibika mara baada ya kupaa, mfumo unaoitwa MCAS ukawa unasukuma pua chini. Marubani walifanya kile Boeing walichosema baada ya ajali ya Lion Air ya Oktoba 2018: walizima umeme wa trimu ya mkia, mtambo unaobadilisha mlalo wa mkia ili pua ipande au ishuke. Ukishauzima, unabaki na gurudumu la mkono lililo kando ya goti, unalizungusha kama winchi ya kisima. Halikuzunguka. Nguvu za injini zilikuwa bado za kupaa, mwendo ulishapita noti 340, yaani kilomita 630 hivi kwa saa, ndicho kikomo cha ndege ile. Kwa mwendo huo upepo unaukandamiza mkia kiasi kwamba ile parafujo inayouendesha inakaza. Nahodha akauliza, msaidizi akajibu haiwezekani. Dakika 6 tangu kuondoka yakaisha.

Sasa hii ndiyo sababu nimeandika. Mei 2019 Boeing walikiri kwamba programu ya simuleta za MAX ilikuwa na kasoro, haikuonyesha sawasawa hali fulani za kuruka, na wameirekebisha. Hali hizo ni zipi? Lile gurudumu. Kwenye simuleta lilikuwa jepesi kuliko kwenye ndege. Hivyo hata rubani ambaye angefanya zoezi lile kwenye mashine ya mamilioni ya dola, mkono wake ungejifunza kwamba linazunguka.

Mwanzisha uzi uliuliza kama hizo kubwa zinasema kweli. Hiyo ilikuwa kubwa.

FundiBawa

Pole sana dada.

NahodhaMstaafu

Pole mwanangu. Sisi wa rika langu tulijua kwenye 737 za zamani kwamba ukibanwa hivyo unaacha kuvuta, unaachia pua kidogo ili mkia upumue, unazungusha, unavuta tena. Inataka kimo. Wao kimo hawakuwa nacho.

Tikiti_Maji

Ila wakuu niwe mkweli, naona mnaiponda mashine. Kama huko nje ni kubuni, basi wafundishe watu kwenye ndege za kweli, simuleta ibaki ya kuzoea vitufe.

NahodhaMstaafu

Ndege ipi? Ukimpa mwanafunzi ndege ndogo ya sarakasi anajifunza mwili: G, kuning'inia, moyo kwenda mbio, na hilo Ulaya wameliweka kuwa lazima kwa wanaoanza, tangu mwishoni mwa 2019. Ni jambo zuri. Lakini ndege ya sarakasi ukiigusa imeshageuka. Tani 200 futi 38,000 ni kitu kingine, hewa nyembamba, unasukuma na kusubiri. Hilo linafundishwa na simuleta tu. Tangu zamani walijaribu kuzirusha ndege kubwa wenyewe kwa mafunzo ya hatari, wakazika wanafunzi na wakufunzi.

Nisichotaka ni mashine inayojifanya inajua.

Bi_Mnyanyuo

@Tikiti_Maji na kuna kitu kingine. Kile cha muhimu, yaani "sukuma, pembe ipungue, ndipo mengine", modeli ya makisio inatosha kukifundisha. Haihitaji kujua ndege italala digrii ngapi. Ikijaribu kukufundisha ustadi wa kule nje, kwamba kanyaga hivi kiasi hiki itarudi, hapo ndipo inaua.

@Mnazi_Mkavu ndugu yangu, kuhusu 5 G zako. Hebu fungua mipangilio, tafuta sehemu ya uharibifu wa ndege kutokana na mzigo, uniambie imewekwaje. Halafu rudia mbizi ileile kwenye X-Plane ukiwa umeruhusu mabawa yang'oke kwa kasi na G.

Mnazi_Mkavu

Nimerudi wakuu. Saa nane usiku, kama mzee na zile simuleta zake.

Kwanza aibu yangu. Kisanduku cha uharibifu kilikuwa hakina tiki. Nilikitoa mwenyewe mwaka jana kwa sababu kila nikitua vibaya ilikuwa inaniondoa. Nimekiweka, nimerudia mbizi. Kabla sijafika futi 20,000, skrini nyeusi, maandishi kwamba nimeizidishia ndege mzigo. Hakuna kutetemeka, hakuna mkia uliolegea. Hai, maiti.

X-Plane: mabawa yote mawili yametoka kwa pamoja, kama mtu amebonyeza kitufe. Kiwiliwili kikaendelea kushuka kama mshale. Nimerudia mara 4, yametoka kasi ileile, hata noti moja haikutofautiana.

Bi_Mnyanyuo

Haswa. Hiyo ni namba ambayo mtengenezaji wa ndege hiyo ameiandika kwenye faili. Ndege ikifika, bawa linaondolewa. Kule kutetemeka alikokusema FundiBawa hakukokotolewa popote.

FundiBawa

Mabawa mawili kwa sekunde moja, ha ha. Chuma hakina nidhamu hiyo.

NahodhaMstaafu

Mwanangu, swali moja tu kabla sijaenda kufungulia kuku. Ulipokuwa Mach 0.97 unavuta, hiyo joistiki yako ilikuwa nzito kiasi gani?

Mnazi_Mkavu

Ni springi mzee. Uzito wake ni uleule nikiwa nimeegesha KIA.